Banda la kuku, kenge na kichuguu: shajara kutoka Mabogini

Naandika hapa hatua kwa hatua jinsi ninavyojenga banda la kuku ambalo kenge haingii, ili nisiwe na sababu ya kumuua, na jirani asiwe na sababu ya kuja kwangu na rungu. Niko Mabogini, kusini mwa Moshi mjini, upande ambao mifereji ya skimu ya mpunga ya Lower Moshi inapita. Ukiendelea mbele unakutana na miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC. Maji hayakauki huku, na penye maji kenge hakosi.

Ninayemsema ni kenge maji, yule wa kijani kilichokolea hadi weusi, mwenye madoa ya njano yaliyojipanga mistari mgongoni, na mkia uliobanwa pande mbili kama kasia. Akikua sana hupita mita mbili. Wa hapa kwangu wengi ni kati ya mita moja na robo na moja na nusu. Wapo wanaomwita burukenge, na wapo wanaosema burukenge ni yule mwingine wa nyika kavu, wa kijivu, mwenye pua iliyovimba. Sitagombana na mtu. Nikiandika kenge ujue ni huyu wa majini.

Nina matetea 22 na majogoo wawili, kienyeji watupu. Mayai nampelekea mama mmoja soko la Mbuyuni, yai shilingi 500.

10 Februari 2024. Banda la kwanza

Banda la mita tatu kwa nne, kimo mita mbili. Nguzo za mkaratusi, chini mabanzi, katikati na juu wavu wa kuku ule wa matundu ya pembe sita. Bati lilikuwepo, nilibandua kwenye zizi la zamani. Wavu 85,000, mabanzi 40,000, misumari 9,000, fundi 30,000. Jumla 164,000. Fundi alifuta jasho akaniambia, "Mama, humu hata nyoka haingii."

Siku ya nne kenge akaingia.

Hakuukata wavu. Alisukuma kwa pua pale ulipokutana na banzi, msumari ukachomoka, ukafuata wa pili, akapata nafasi ya kichwa. Kichwa cha kenge ni chembamba kuliko unavyofikiri, na kikishapita, mwili wote unafuata. Alimaliza mayai saba ya kiota cha kona. Tetea aliyekuwa anaatamia nilimkuta juu ya kichanja, manyoya yamemsimama.

Kosa langu: misumari ya kawaida haishiki waya mwembamba. Ilitakiwa ile yenye umbo la herufi U, au kuubana wavu kati ya mbao mbili. Nilibadilisha kesho yake. Akaja akachimba chini.

24 Februari. Wiki niliyolinda usiku

Hii naiandika japo inanichekesha. Nilijua mwizi huja usiku, basi nikalinda usiku. Kiti, blanketi, tochi, na mbwa wetu amelala miguuni. Siku sita. Hakuna aliyekuja. Siku ya saba nilikuwa nimelala fofofo saa tano asubuhi, mwanangu wa darasa la sita akaja anakimbia: "Mama, kenge! Anatoka bandani, anatembea tu!"

Kenge ni mnyama wa mchana. Mwili wake haujipashi joto wenyewe kama wetu. Asubuhi lazima aote jua kwanza, kwenye ukingo wa mfereji au juu ya gogo, ndipo atoke kutafuta. Kwangu saa zake ni kati ya saa nne na saa tisa, yaani muda ule ule ambao kila mtu yuko shambani au kazini na banda limeachwa wazi ili kuku watoke. Kufunga komeo saa kumi na mbili jioni ni kumfungia mwingine kabisa.

Mbwa alipata lake siku hiyo. Alimfukuza kenge hadi kwenye mgomba, kenge akageuka ubavu, akajaza hewa mwilini hadi akaonekana mnene mara mbili, kisha akachapa kwa mkia. Mbwa alilia kama aliyemwagiwa maji ya moto. Tangu hapo akisikia neno kenge anakwenda kulala.

9 Machi. Majivu

Ushauri wa majivu ulitoka kwa babu wa jirani, mzee aliyelima mpunga huku tangu skimu inajengwa miaka ya 1980. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, akasema, "Mwanangu, kabla ya kumhukumu mtu si unamsikiliza? Mwaga majivu usome."

Nilimwaga majivu ya jikoni kuzunguka banda, upana wa hatua moja, nikawa nayasoma na kuyalainisha asubuhi na jioni. Mayai niliyatia alama kwa kalamu ya risasi. Siku kumi na nne. Wa kutaka kuiga, hatua hii haina gharama yoyote, na ndiyo iliyonifundisha kuliko zote.

Alama ya kenge huwezi kuikosea: nyayo zenye kucha ndefu kushoto na kulia, na katikati mstari wa mkia unaopindapinda. Akila yai la kuku haachi ganda. Nilimwona mara moja kwa macho yangu, nikiwa nimejibanza nyuma ya tangi la maji. Ulimi mweusi wa panda ulitoka na kurudi, kama anaonja hewa ya kila kiota. Alichagua kimoja. Akalichukua yai kwa ncha ya mdomo, akainua kichwa juu kabisa, akatikisa mara mbili, na nikaliona yai likishuka kooni, umbo lake lote, mpaka likapotea kifuani. Akapangusa mdomo kwenye banzi, upande huu na upande huu. Nilisahau kumfukuza.

Sasa hesabu. Katika siku kumi na nne yalipotea mayai 31. Yaliyopotea bila ganda, na majivu yana mstari wa mkia: 12. Yaliyoachwa maganda yamepasuliwa karibu na jiwe la kufulia, na nyayo ndogo ndogo za kundi: 8. Hao ni nguchiro, ambao hurusha yai nyuma kati ya miguu ligonge jiwe lipasuke. Na mayai 11 hayakuibiwa kabisa. Niliyakuta chini ya mgomba, yamepangwa vizuri kwenye majani makavu. Matetea wangu wawili walikuwa wamehama bila kuniaga.

Wanasema kwenye msafara wa mamba kenge wamo. Kwangu msafara ulikuwa wa kenge, na nguchiro walitembea katikati wakila kwa jina lake. Vifaranga wawili waliopotea usiku mwezi Januari nilikuwa nimeshamwandikia kenge kwenye daftari. Nimewafuta, kwa kuwa usiku yeye amelala shimoni.

Badiliko la siku hiyo hiyo: naokota mayai mara tatu, saa nne, saa saba na saa kumi. Kabla nilikuwa naokota jioni tu. Matumbo ya kuku na vifaranga waliokufa situpi tena nyuma ya choo, nafukia. Kenge hula mizoga na harufu huipata mbali, kwa hiyo mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa namwita.

23 Machi. Msingi

Mtaro wa sentimita 40 kuzunguka, mawe, zege jepesi. Mawe na kokoto kwa guta 45,000, saruji mifuko mitatu 54,000, kibarua wa siku mbili 20,000. Jumla 119,000. Hakuna la kusimulia. Kuchimba kumekwisha.

20 Aprili. Mtego, na aibu yake

Alipokosa njia ya chini akapanda juu. Kenge mkubwa anapanda mabanzi yenye magome kama wewe unavyopanda ngazi, na kati ya ukuta na bati kulikuwa na upenyo wa kiganja. Nikakasirika. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, akanitengenezea mtego wa kreti wenye mlango wa kuanguka, 45,000. Chambo yai viza.

Siku ya kwanza nilinasa paka wa jirani. Siku ya tatu nikamnasa mwenyewe, yule aliyekatika ncha ya mkia, tunayemwita Butu.

Tukamtia kwenye kiroba, tukafunga kwa kamba ya katani, nikaita bodaboda. Kijana akauliza, "Mama, hii mzigo gani?" Nikamwambia kuku. Tulipofika barabara ya vumbi kiroba kikaanza kupumua. "Mama, kuku gani huyu anapuliza kama tairi?" Halafu kucha nne zikatokeza upande wake, na Butu akajisaidia, na harufu ile siwezi kuieleza kwa watu waliokwisha kula. Kijana alisimamisha pikipiki, akashuka, akasogea hatua kumi, akasema nauli si elfu mbili tena, ni elfu tano, na kiroba nibebe mimi. Nilimlipa. Nilimwachia Butu kando ya Mto Rau, kama kilomita nne kutoka nyumbani, nikarudi kifua mbele.

Siku ya tisa Butu alikuwa juu ya gogo lake, kando ya mfereji wangu, anaota jua.

Yupo mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka aliyepanga nyumba ya jirani. Nilimsimulia nikitarajia atacheka. Alicheka, kisha akaniambia kwa upole, "Mama, umefanya makosa matatu kwa safari moja." La kwanza, kenge ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu mtu kumkamata bila kibali, hata kama nia yake ni njema. La pili, mnyama aliyezoea kwake hurudi. La tatu, hata asingerudi, eneo lenye mayai, panya na maji halikai wazi; angekuja mwingine asiyejua mbwa wala watu. Akaongeza kwamba kenge wetu wamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, orodha ya pili, kwa sababu ngozi zao huuzwa nje kwa ajili ya viatu na mikoba.

Mtego nimeugeuza kuwa kizimba cha kulelea vifaranga. Ile 45,000 siihesabu kwenye banda. Ni ada ya shule.

4 Mei. Mapipa

Masika ya mwaka huu hayakuwa ya mchezo. Aprili nzima mafuriko yalitajwa kila pembe ya nchi, na huku kwetu njia ilikuwa tope hadi magoti. Fundi alikuja mara moja kila baada ya siku tatu.

Wazo: kenge anapanda kwa kucha, basi tumnyime pa kushika. Nilinunua mapipa makuukuu manne ya lita 200, kila moja 30,000, fundi akayapasua na kuyanyoosha. Pipa moja likifunguliwa linatoa kipande cha mita 1.8 hivi kwa sentimita 88. Kwa kubana matumizi tukakata kila kipande katikati, tukapata mkanda wa sentimita 44 kuzunguka banda lote la mita 14. Fundi 20,000. Niliridhika sana.

Butu alikuja, akaonja bati kwa ulimi, akajaribu kucha zikateleza. Akajaribu tena. Kisha akajisimamisha wima, ameegemea mkia, mikono ikafika juu ya mkanda, akashika banzi, akajivuta. Kipimo cha sentimita 44 nilikitoa kichwani, sikumpima mgeni mwenyewe.

Ikabidi mapipa mengine manne na siku nyingine ya fundi. Jumla ya mapipa yote 280,000. Sasa bati linaanza chini kabisa hadi sentimita 88, na amejaribu siku tatu mfululizo bila kufika.

Kwa atakayeiga: usinunue mapipa. Nunua bati la kawaida geji 30 la mita tatu, likate vipande vitatu vya mita moja, uvisimamishe. Kwa bei ya 22,000 bati saba zingenitosha, yaani 154,000, na kimo kingepita changu. Angalizo ni moja: mikunjo ya bati isimame. Ukiilaza umemjengea ngazi.

19 Mei. Kichuguu

Hii haihusu banda, ila ndiyo imenibadilisha.

Kwenye mpaka wangu na babu kuna kichuguu kinachonifika begani, mchwa wake hai. Mvua ilipoanza kupungua na udongo bado laini, nilimwona kenge jike, si Butu, huyu ana mkia mzima, akichimba ubavuni mwa kichuguu. Alichimba siku mbili. Mikono ya mbele inakwangua, ya nyuma inasukuma udongo nje, anapumzika, kichwa kimetoka shimoni na tope puani. Siku ya pili alasiri aliingia mwili wote, mkia tu nje, akakaa hivyo zaidi ya saa moja. Alipotoka ngozi ya tumbo ilikuwa imelegea pande zote mbili kama mfuko uliomwagwa. Hakufukia vizuri. Aliparua kidogo akaondoka zake.

Nikadhani amekosea, kwamba mchwa watayala mayai. Jioni nilikwenda na tochi. Mchwa walikuwa kwenye ukingo wa shimo, maelfu, kila mmoja ameshika chembe ya udongo mdomoni, wanaziba. Baada ya siku nne huwezi kuonyesha palipokuwa na tundu.

Mwanafunzi wa Mweka alinieleza vizuri. Mchwa wanatengeneza nyumba yao kwanza, mayai yanafaidika. Ndani ya kichuguu joto na unyevu havipandi na kushuka kama nje, hivyo mayai, ambayo yanaweza kufika hata sitini kwa jike mkubwa, yanakaa kwenye kitotoleo kisicho na umeme wala mlinzi kwa miezi mingi. Watoto wakianguliwa hungoja mvua ilainishe udongo ndipo watoke.

Nilisoma baadaye kuhusu ndugu yake wa Australia, kenge wa Rosenberg. Naye hutaga ndani ya kichuguu cha mchwa hai. Jimbo la New South Wales limemwandika rasmi kwenye orodha ya viumbe walio hatarini: mapori yanakatwa, magari yanamgonga akifuata mizoga barabarani, mbwa, paka na mbweha wa kuletwa wanamla. Wetu kidunia hajafika huko. Lakini ukiniuliza kwa kijiji changu, mwaka uliopita mimi peke yangu nilihesabu saba waliopigwa hadi kufa, na karibu nusu yao hawakuwa karibu na kuku wa mtu. Na Mabogini ya leo imebakiwa na vichuguu vingapi? Viwanja vinapimwa, nyumba zinapanda.

15 Juni. Bei ya udongo

Nusu ya kichuguu iko kwa babu, na mjukuu wake anataka kufyatua matofali. Udongo wa kichuguu unashika vizuri kuliko wowote, kila fundi anajua. Nilikwenda na chupa ya chai na mihogo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa ajili ya yule kenge."

Habari ilikuwa imenitangulia. Nilimwomba asubiri hadi vuli ipite. Akanyamaza, akamega muhogo. "Mimi sina ugomvi naye. Kaa wakitoboa kingo za majaruba yangu, nani anawala? Yeye. Lakini huyu mjukuu ameshakodi kibao cha kufyatulia." Tukakubaliana nimletee tripu moja ya udongo kutoka kwingine. 70,000 hadi mlangoni. Mume wangu aliposikia kwamba nimenunua udongo ili udongo ukae, aliuliza mara mbili kama amesikia sawa.

Nimezungushia kichuguu miiba ya mgunga. Bure.

5 Oktoba. Joto

Zaidi ya miezi mitatu sikuandika kwa sababu mambo yalikwenda. Mayai yaliyochukuliwa na kenge tangu mwanzo wa Juni: manne, siku moja niliyosahau mlango. Nguchiro wamebaki, ila kuokota mara tatu kumewanyima riziki.

Sasa baridi ya Julai imekwisha na banda limegeuka oveni. Bati la mapipa linapigwa na jua la alasiri, mabanzi juu yake, niliyoyapiga mahali pa wavu, yamebana, hewa haipiti. Kuku wanahema midomo wazi, mabawa wameyatanua, na utagaji umeshuka. Wiki iliyopita matetea watatu walirudi kutaga mgombani, mahali ambapo Butu anapita kila siku. Yaani nilijenga ngome kisha nikawafukuza waliomo waende kwa adui.

Marekebisho: nimeng'oa mabanzi ya juu pande zote nne, sentimita 60, nikaweka waya meshi mgumu wa kuchomelewa, umebanwa kati ya mbao. Mapipa nimeyapaka chokaa nyeupe kwa nje. Waya, mbao na chokaa 60,000. Kazi nilifanya na mwanangu. Siku ya tatu walirudi ndani. Ningefanya hivi tangu Mei kama ningekumbuka kwamba Moshi ya chini si Moshi ya Kibosho kule mlimani.

Banda lote sasa: 164,000, 119,000, 280,000 na 60,000, jumla 623,000. Nje ya hapo mtego 45,000 na tripu ya udongo 70,000. Wa pili atakayejenga kwa bati la kusimama, akipigilia mwenyewe, ataokoa 126,000 na wiki tatu za kumsubiri fundi.

17 Novemba. Kumbikumbi na mnunuzi

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha Alhamisi. Ijumaa jioni kumbikumbi wakatoka kwenye kichuguu na watoto wa mtaa mzima wakaja na ndoo na taa. Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Wawili walishaanza kupanua matundu kwa jembe, upande ule ule wa mayai. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Mwishowe tuliafikiana: waokote waliotoka, jembe libaki kwangu, na atakayekuwa na subira nitampa yai moja. Mayai kumi na matatu. Kumbikumbi waliokaangwa walinirudia kwenye kisahani, kwa hiyo silalamiki.

Jumapili akaja kijana nisiyemfahamu, viatu safi. Amesikia nina mayai ya kenge. Watoto wakitoka, nauza? Alitaja bei ya kila mmoja, na nakiri ilikuwa zaidi ya tripu ya udongo. Nilimuuliza atawapeleka wapi. "Wapo wanaowapenda, mama." Nikamkumbusha kuwa serikali ilizuia kusafirisha nje wanyamapori hai tangu 2016, naye akacheka kama niliyetaja mambo ya kale. Babu alikuwa amesimama kwenye uzio wake na fimbo. Hakusema neno, alikohoa tu. Kijana akaaga.

15 Desemba. Wametoka

Mvua ya siku tatu mfululizo. Asubuhi ya leo kulikuwa na tundu ubavuni mwa kichuguu, kubwa kidogo kuliko sarafu ya mia mbili. Nilikaa chini, nikasubiri, mgongo umeloa.

Kilitoka kichwa kwanza. Kidogo kama cha mjusi wa ukutani, lakini rangi! Mweusi tii na njano mbichi, pete kwa pete, kama aliyepakwa rangi usiku uliopita. Ulimi ukatoka. Akaniangalia, akarudi ndani. Baada ya dakika chache akatoka wote, urefu wa rula ya shule, akashuka kwenye kichuguu kichwa chini na kupotea kwenye majani kuelekea mfereji. Wa pili alimfuata wakiwa wamegusana. Hadi saa sita nilihesabu kumi na mmoja. Huenda wengine walitoka nikiwa nimeingia kuokota mayai, maana saa nne na saa saba hazinisubiri.

Jioni nilimpelekea babu habari. Aliuliza wangapi, nikamwambia. Akasema mjukuu afyatue kuanzia Januari, ila upande wake tu, na jembe lisivuke uzio.

11 Januari 2025. Tatizo jipya

Leo saa tano nilisikia kelele bandani, zile kelele za kenge. Nikakimbia na ufagio, nikijiuliza ni wapi palipoachia, nimelaumu msingi, nimelaumu bati, nimemlaumu fundi kabla sijafika.

Waya meshi wa juu una matundu ya sentimita tano. Mtoto mmoja wa kenge alipita humo, pengine kwa tawi la mpera linalogusa paa, akifuata panzi. Alikuwa kwenye kona, amejaza hewa mwilini, anachapa mkia wake mwembamba kulia na kushoto. Jogoo mkubwa alikuwa mbele yake, amemdonoa tayari mara moja mgongoni, na matetea sita nyuma wanasubiri zamu. Nilisukuma jogoo kwa ufagio, nikafungua mlango, nikamfagilia nje taratibu. Alivuka majivu akaacha mstari mwembamba katikati ya nyayo.

Wavu wa matundu madogo, mita 14 kwa sentimita 60, nimeulizia: 42,000. Tawi la mpera nalikata kesho asubuhi.